Uzi: Namna ya kuzuia samani zisihame mahali pake bila kutoboa ukuta

#1 Mpangaji (mwanzisha uzi)

Salamu kwenu wanajukwaa.

Ninafungua uzi huu kwa sababu swali la samani zinazohama hurudi kila mara miongoni mwetu tunaoishi katika nyumba zisizo zetu, na kila mara hujibiwa kwa sentensi moja tu: weka raba chini ya miguu. Jibu hilo linafaa kwa baadhi ya samani, halisaidii chochote kwa nyingine, na kwa kabati refu linaweza kumpa mtu utulivu wa moyo asiostahili kuwa nao.

Nianze na kitanda changu. Mkataba wangu unakataza kutoboa ukuta, na kitanda kilikuwa kinahama. Nilikisukuma kirudi ukutani kila Jumamosi, na kila Jumamosi iliyofuata nilikikuta kimekaa upande. Hatimaye nilibandika kipande cha selotepu ya karatasi sakafuni, ukingo wake ukigusa tendegu la kushoto la mchagoni, kingine nikakibandika kwenye tendegu la kulia, kisha nikaandika tarehe juu yake kwa penseli. Asubuhi ya siku ya nane tendegu la kushoto lilikuwa limeuacha mstari wake kwa sentimita tatu na nusu, ilhali la kulia lilikuwa limesogea sentimita moja tu. Kwa hiyo kitanda hakikuwa kinateleza moja kwa moja. Kilikuwa kinazunguka taratibu. Nilipochukua karatasi ya kawaida na kuipitisha chini ya lile tendegu la kushoto, ilipita bila kukwama. Tendegu halikuwa limekanyaga sakafu hata kidogo. Matendegu matatu yalikuwa yamebeba mzigo wote, na la nne lilikuwa linaning'inia tu, likifuata popote mtu alipojigeuza usiku.

Raba niliyokuwa nimeibandika chini ya tendegu hilo, kwa hiyo, ilikuwa mapambo. Niliiondoa, nikaweka chini yake kipande cha mpira mgumu chenye unene wa milimita tatu, na kitanda kikakaa juu ya matendegu yote manne. Wiki iliyofuata mstari wa selotepu ulikuwa palepale.

Tangu hapo nimejizoeza kujiuliza kwanza samani hii inahama kwa namna gani, kwa kuwa namna ni tatu na dawa zake hazifanani. Kuna kuteleza, yaani samani nzima kusogea inapopata msukumo mmoja uliozidi uwezo wa miguu kushika sakafu, kama kochi linavyorudi nyuma mtu anapojitupa juu yake. Kuna kutembea, ambako samani inayumba kidogo kidogo kwa sababu sakafu haiko sawa au maungio yamelegea, na kila yumbo linasogeza mguu mmoja milimita moja. Hicho ndicho kilichokuwa kikikipata kitanda changu. Na kuna kupinduka, ambako miguu haisogei kabisa ila kimo chote kinakuja mbele. Raba inatibu la kwanza, inasaidia la pili kwa sehemu, na la tatu hailigusi.

Kuhusu kuteleza, inafaa kuelewa kinachoishikilia samani. Mfaransa Guillaume Amontons alieleza mwaka 1699 kwamba msuguano huongezeka kwa kadiri ya uzito unaokandamiza, na kwamba ukubwa wa eneo linalogusana haubadilishi kitu katika hesabu hiyo. Kwa vitu vigumu, kama mbao juu ya vigae, kauli hiyo inatosha kwa matumizi ya nyumbani: ukiongeza mzigo ndani ya kabati fupi, linakaza zaidi, ukipanua mguu wake bila kubadilisha kinachogusa sakafu, hujapata kitu. Mpira, hata hivyo, hautii kanuni hiyo sawasawa. Ni laini, unajipenyeza katika vijishimo vidogo vya sakafu, na kwa hiyo eneo linalogusana kwa kweli linaanza kuwa na maana. Ndiyo maana mpira mpana unashika vizuri kuliko kitone cha mpira, na ndiyo maana pia vumbi linauua haraka: vijishimo vikijaa vumbi, mpira unakalia vumbi, na vumbi ndilo linaloteleza.

Wengi hununua raba mpya wakati ya zamani ilihitaji kuoshwa tu. Inua samani, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, futa tena kwa maji matupu ili sabuni isibaki, acha pakauke kabisa, osha raba yenyewe, ndipo uishushe samani wima bila kuiburuta. Ukiiburuta hata sentimita kumi umeshaikusanyia vumbi.

Kosa jingine ninaloliona mara nyingi ni kuchanganya raba na feliti, yaani vile vidonge vya kitambaa kizito cha sufu iliyoshindiliwa. Feliti imetengenezwa ili kiti kiteleze bila kukwaruza sakafu. Anayeibandika chini ya kochi kisha akalalamika kwamba kochi linakimbia amenunua kinyume cha alichokihitaji.

Mwisho, msisahau kwamba ukuta usiotobolewa bado unaweza kuegemewa. Kochi linalorudi nyuma halihitaji kushikwa na skrubu. Linahitaji kukosa mahali pa kurudi. Pima nafasi iliyopo kati ya fremu yake ya chini na ukuta, kata ubao wa urefu huohuo, vika ncha zake sponji au kitambaa kinene, na uulaze sakafuni nyuma ya kochi mahali ambapo hakuna anayeuona. Ubao huo usukume sehemu ya chini ya ukuta, pale penye ubao au kigae cha kuzungushia chumba, usije ukabonyeza plasta.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

#2 Msomaji Kimya

Ahsante kwa uzi huu. Nimekuwa msomaji kwa muda mrefu bila kuchangia, lakini hapa nina jambo la kuongeza ambalo lilinigharimu.

Kabla hamjaweka raba popote, tazameni sakafu ni ya nini. Chumba changu kina sakafu ya vinaili, yaani ile ya plastiki inayokuja kwa vipande au kwa roli. Niliweka vikombe vya raba nyeusi chini ya miguu minne ya kochi, na kwa kweli kochi lilitulia. Baada ya miezi kadhaa nilihamisha kochi ili nisafishe, nikakuta duara nne za rangi ya kahawia-njano, kila moja ikiwa na upana wa kikombe chenyewe hasa. Nilisugua kwa sabuni, kwa spiriti, kwa magadi, hazikutoka. Nilikuja kuelewa kwamba halikuwa doa la juu. Mpira huwekewa kemikali za kuuzuia usizeeke na kupasuka, na kemikali hizo huhamia polepole ndani ya vinaili na kuibadilisha rangi kutoka ndani. Hakuna cha kusugua.

Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya kemikali.

Kwa hiyo, kwa vinaili, tumieni vikombe vya silikoni au vya plastiki ngumu, au wekeni kipande cha zulia kati ya raba na sakafu. Kwenye mbao zilizopakwa vanishi pia kuna tahadhari, hasa kwa vile vimkeka vya wavu vya plastiki laini vinavyowekwa chini ya mazulia: ulaini wake unatokana na mafuta yaliyochanganywa ndani yake, na mafuta hayo yanaweza kulainisha vanishi mpaka mkeka ukagandamana nayo. Vigae vya kauri ndivyo vyenye uvumilivu mkubwa zaidi.

#3 Seremala

Nimefanya kazi ya mbao kwa miaka mingi, na ninakubaliana na mwanzisha uzi juu ya kitanda chake, ila naona ameishia katikati ya njia. Tendegu lisilogusa sakafu lina sababu, na mara nyingi sababu si sakafu.

Kabla ya kuweka kipande cha mpira chini ya tendegu, shika kitanda mchagoni kwa mikono miwili, ukitikise kushoto na kulia, na usikilize. Ukisikia mlio kwenye kona, maungio kati ya mfumbati, yaani ubao wa ubavuni, na tendegu yamelegea. Fremu iliyolegea hujipinda kila mtu anapojigeuza, na fremu inayojipinda hunyanyua tendegu moja huku ikilisukuma jingine. Hapo unaweza kuweka raba za dunia nzima na kitanda kitaendelea kutembea, kwa kuwa nguvu inayokitembeza inazalishwa ndani yake chenyewe. Kaza bolti zote ukizunguka kona kwa kona, usikaze moja mpaka mwisho kabla ya nyingine. Kisha angalia chaga. Chaga zikiwa hazijafungwa, zinahama, na godoro linahama pamoja nazo, na mwenye kitanda hudhani ni kitanda kilichohama.

Kwa rafu na makabati, tazameni ubao wa nyuma. Watu huuona kama kifuniko cha kuficha ukuta, kumbe ndio unaozuia sanduku lisilale upande. Rafu iliyopoteza misumari ya ubao wa nyuma huyumba kama kiberiti kilichotolewa droo yake. Rudisha misumari kila baada ya sentimita kumi hadi kumi na tano, huku ukihakikisha kwanza kwamba pembe ziko sawa: pima mshazari mmoja wa nyuma, pima na wa pili, vipimo vikilingana ndipo upigilie.

Jambo la mwisho kwa leo. Mkataba unakataza kutoboa ukuta. Haukatazi kutoboa tendegu la kitanda chako mwenyewe. Raba za kubandika kwa gundi hudumu muda mfupi chini ya samani inayosukumwa, kwa sababu gundi inasukumwa upande siku baada ya siku mpaka inajiviringa. Raba yenye skrubu katikati, inayoingia ndani ya mguu, haiendi popote. Bora zaidi ni mguu wa kuzungusha wenye uzi kama wa skrubu, ambao unaurefusha au kuufupisha mpaka pimamaji litulie, kisha unafunga nati yake ya kukazia. Wengi huisahau nati hiyo, na mguu unajizungusha wenyewe kurudi ulikotoka.

#4 Mpangaji (mwanzisha uzi)

Seremala, nimekubali. Jana jioni nilitikisa kitanda kama ulivyoelekeza, na kona ya kushoto ya mchagoni ililia. Bolti ilizunguka robo tatu ya mzunguko kabla ya kukaza. Kile kipande cha mpira cha milimita tatu sasa kimekuwa kinene kupita kiasi, nimekibadilisha kwa kipande cha karatasi ngumu.

#5 Mzazi wa Watatu

Nimefuatilia kwa makini, lakini tatizo langu ni lile la tatu lililotajwa kwa ufupi tu. Nina rafu mbili za vitabu zenye kimo cha sentimita 180, na kabati la droo tatu la nguo za watoto. Mwanangu mdogo ana miaka mitatu na anapanda kila kitu. Nimeweka raba nzuri chini ya vyote na sakafu ni ya vigae. Ukisukuma chini hakuna kinachosogea. Je, nimefanya vya kutosha, ikizingatiwa kwamba nami siruhusiwi kutoboa?

#6 Mpangaji (mwanzisha uzi)

Ndugu Mzazi, hapana, hujafanya vya kutosha, na nitaeleza kwa hesabu ili isionekane ninakutisha tu.

Chukua rafu ya kimo cha sentimita 180 na kina cha sentimita 30, yenye uzito wa kilo 60 pamoja na vitabu vilivyopangwa sawasawa juu mpaka chini. Kitovu cha uzito wake kiko sentimita 15 nyuma ya ukingo wa mbele wa chini, na ukingo huo ndio ambao rafu itauzunguka ikianguka. Kinachoirudisha nyuma ni kilo 60 mara sentimita 15, yaani 900. Mtu akiivuta mbele kwa usawa kutoka kimo cha sentimita 120, nguvu inayotosha kuanza kuinua nyuma ni 900 gawanya kwa 120: kilo saba na nusu. Hiyo ni chini ya uzito wa ndoo ya lita kumi iliyojaa maji. Ili rafu hiyohiyo iteleze juu ya raba, ungehitaji takriban kilo 30 au zaidi. Kwa maneno mengine, rafu yako itaanguka muda mrefu kabla ya kufikiria kuteleza, na raba haikubadilisha lolote katika kilo saba na nusu.

Kabati la droo ni baya zaidi, ingawa ni fupi, kwa sababu linabadilisha umbo lake. Tuseme lina kilo 30 kwa jumla na kina cha sentimita 40. Kinacholirudisha nyuma ni 30 mara 20, yaani 600. Mtoto akizivuta nje droo zote tatu kwa sentimita 30, na kila droo ikiwa na kilo nne pamoja na nguo, kilo 12 zimehamia mbele kwa sentimita 30, na 600 imepungua kwa 360. Zimebaki 240. Mtoto mwenye kilo 15 akiingia ndani ya droo iliyo sentimita 30 mbele ya kabati anakuja na 450. Limeshaanguka, naye yuko chini yake.

Hili si jambo la kubuni kwangu. Marekani ilipitisha sheria iitwayo STURDY mwishoni mwa mwaka 2022, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2023 makabati ya nguo yenye kimo cha kuanzia takriban sentimita 69 yanayotengenezwa kuuzwa huko yanapaswa kufaulu majaribio ambayo yanaiga droo zilizojaa na kufunguliwa, mtoto anayevuta au kupanda, na kabati lililokaa juu ya zulia. Habari ya zulia inafaa kuangaliwa na kila mwenye nyumba. Mahali ambapo zulia la ukuta hadi ukuta limeshikwa pembezoni kwa kijibao chenye misumari, ukingo wa nyuma wa kabati hukalia kijibao hicho, ukingo wa mbele huzama katika manyoya, na kabati linakuwa limeinama mbele kabla hata ya kuguswa.

Yanayowezekana bila kutoboa ukuta, kwa mpangilio wa ninavyoyaamini mimi:

La kwanza ni kuondoa kimo. Kabati la droo likiingizwa ndani ya kabati la kujengewa, au droo zake zikawekwa sakafuni kama masanduku, halina pa kuangukia. Rafu ya sentimita 180 inayoweza kukatwa kuwa mbili za sentimita 90 imeacha kuwa hatari kubwa.

La pili ni kuongeza kina. Rafu mbili zikifungwa pamoja kwa bolti kwa umbo la kona, kila moja inakuwa mguu wa mwenzake: ile inayotaka kuanguka mbele inakuta mwenzake ametangulia mbele kwa urefu wake wote. Mgongo kwa mgongo katikati ya chumba pia inafaa, mradi zimefungwa kweli, si kusogezwa tu zikagusana.

La tatu ni nguzo za kukaza kati ya juu ya rafu na dari, ambazo zimezoeleka sana nchini Japani kwa sababu ya matetemeko ya ardhi. Zinafanya kazi, ila watu huzikosea kwa namna moja: huziweka mbele, mahali ambapo mkono unafika kwa urahisi. Rafu inapoanza kuja mbele, kona yake ya juu ya nyuma hupanda, wakati kona ya juu ya mbele huanza kushuka. Nguzo iliyoko nyuma inabanwa zaidi na kuizuia. Nguzo iliyoko mbele inalegea na kudondoka. Ziwe mbili, kila mwisho mmoja, zimesogezwa nyuma kabisa karibu na ukuta, na chini ya dari ngumu. Dari ya ubao mwembamba wa jasi itatoboka au kunyanyuka tu, kwa hiyo tafuta ilipo boriti, na uweke ubao kati ya nguzo na dari ili mzigo usambae. Ongeza kabari nyembamba chini ya ukingo wa mbele wa rafu ili iegemee ukuta kidogo. Vitu viwili hivyo pamoja vinazidi sana kimoja peke yake.

Mikanda ya kubandika ukutani kwa gundi siipendekezi kwa kazi hii. Gundi ya aina hiyo ina nguvu inapovutwa kwa kuteremka, kama picha inavyoning'inia. Inapovutwa kutoka ukutani, inabanduka kuanzia ukingo mmoja, na mara nyingi haibanduki yenyewe bali inabandua rangi. Gundi inaweza kuwa imara kuliko ukuta wenyewe, lakini wewe umeshikiliwa na rangi.

Na la mwisho, ambalo najua si jibu la uzi huu: mwandikie mwenye nyumba kwa barua, ueleze kwamba una mtoto mdogo, uombe matundu mawili, na uahidi kuyaziba. Mimi nisingemlaza mtoto wa miaka mitatu katika chumba chenye kabati la droo lisilofungwa kwa sababu ya aibu ya kuomba.

#7 Seremala

Naongeza juu ya kufunga rafu mbili. Rafu nyingi za siku hizi ni za mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi, na skrubu katika mbao hizo hung'oka zikivutwa. Tumieni bolti inayopenya pande zote mbili, yenye nati na washa pana kila upande, nne kwa uchache, mbili juu na mbili chini. Vitabu vizito vishuke rafu za chini. Jambo hili halina gharama, na watu wengi hawalifanyi kwa sababu vitabu vikubwa vinapendeza juu.

#8 Mgeni Chumbani

Samahani kwa kuuliza jambo dogo baada ya mazito hayo. Meza yangu ya kuandikia ina magurudumu yenye breki, breki nimezifunga zote, na bado inakimbia ninapoegemea viwiko. Kuna dawa?

#9 Msomaji Kimya

Breki inazuia gurudumu lisizunguke. Haizuii gurudumu lililofungwa lisiteleze, na gurudumu la plastiki ngumu juu ya vigae linateleza vizuri sana likiwa limefungwa. Weka kila gurudumu ndani ya kikombe kipana chenye mpira chini, ukizingatia sakafu yako ni ya nini kama nilivyoeleza juu. Au, kwa kuwa huihamishi meza kila siku, chomoa magurudumu uweke miguu yenye uzi ambayo Seremala ameisema.

Wenye zulia la manyoya marefu wanahitaji kikombe chenye vimeno vya plastiki vinavyopenya manyoya, kwa sababu raba bapa inakalia ncha za manyoya tu na kuogelea juu yake.

#10 Mzazi wa Watatu

Narudi na matokeo, baada ya siku kumi na mbili.

Kabla ya kufunga chochote nilifunga kamba kwenye rafu ya kwanza kwa kimo cha sentimita 120, nikaining'iniza kwenye mizani ndogo ya kupimia mabegi ya safari, na nikavuta polepole kwa usawa huku mke wangu ameshika rafu upande wa juu kwa usalama. Ukingo wa nyuma ulinyanyuka mizani iliposoma kilo saba kasoro kidogo, chini ya hesabu ya Mpangaji, nadhani kwa sababu rafu yetu pamoja na vitabu ni nyepesi kidogo kuliko ile ya mfano wake. Kuona rafu nzima ikinyanyuka kwa vidole viwili kulinitosha.

Tumeshusha vitabu vizito, tumezipeleka rafu zote mbili kwenye kona, na tumezifunga kwa bolti sita zenye washa pana kama Seremala alivyoelekeza. Nilirudia kuvuta kwa kamba ileile, kimo kilekile, kwanza rafu moja kisha ya pili. Nilifika kilo 20 na hakuna ukingo ulionyanyuka, nikaacha hapo.

Droo za nguo zimetolewa kwenye kabati na ziko sakafuni chini ya kitanda, zimepangwa mstari mmoja. Mdogo ameshalala ndani ya moja mara mbili. Barua kwa mwenye nyumba nimeipeleka juzi, bado hajajibu, nitawajulisha akijibu.